Jiwe la Salma na Nafasi za Yule Mrusi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana huko Masasi, na nilikuwa nimepanda kwetu Newala kwa likizo. Ulikuwa wakati ule soko huria linaingia. Mitumba imejaa sokoni, wanunuzi binafsi wa korosho wanakuja na mizani yao wenyewe, na neno lililokuwa mdomoni mwa kila mtu lilikuwa ruksa. Sisi vijana tukalipokea neno lile kwa mikono miwili. Tuliona utaratibu wote wa wazee umekwisha muda wake, na mimi, kwa vile nilikuwa na sare ya sekondari, nilijiona nina ruksa kuliko wenzangu.

Wewe umekulia kwenye bomba la uani, kwa hiyo lazima nikueleze. Newala iko juu, maji yako chini. Bomba letu la mtaani lilifunguliwa siku mbili kwa wiki, tena kwa saa chache, na aliyekosa alishuka mteremko mpaka bondeni, akapanda tena na ndoo kichwani. Basi kinamama walikuwa na utaratibu wao. Ukiwahi unapanga ndoo kwenye foleni. Ukiwa na shughuli nyingine, ndoo huwezi kuiacha, unaacha jiwe. Jiwe lile ni wewe. Foleni ikisogea, aliye nyuma yako analisogeza, na ukirudi unakuta nafasi yako inakungoja. Watu waliyajua mawe ya mtaa kama wanavyowajua watoto wa jirani.

Siku hiyo nilichelewa kuamka. Nikakuta foleni ndefu, na katikati ya ndoo kuna jiwe jekundu. Nikaliokota, nikalitupa pembeni, nikaweka ndoo yangu. Mama mmoja akaniambia kwa upole, "Hapo pana mtu, Hadija." Nikamjibu kisomi, "Jiwe haliteki maji, mama." Wakanyamaza wote. Nikadhani nimewashinda, kumbe kimya kingi kina mshindo.

Lile jiwe lilikuwa la Mama Salma, jirani yetu, aliyekuwa na mtoto mchanga. Alikuwa ameenda nyumbani kumnyonyesha. Aliporudi bomba limefungwa, na saa saba ya jua kali alishuka bondeni na mtoto mgongoni. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaoga.

Bibi yangu, Bibi Asumini, alikuwa mfupi, mweusi, na hakuwa mtu wa kupaza sauti. Habari ilipomfikia hakunipiga. Alichota maji yote yaliyobaki nyumbani, akanitwisha, akanipeleka kwa Mama Salma, nikamimina mtungini mwake mbele ya binti yake Salma, ambaye nilimtangulia darasa moja shuleni kule Masasi. Nikafikiri yamekwisha. Siku ya bomba iliyofuata Bibi akanipeleka kwenye foleni bila ndoo, akanikalisha chini, mahali pa Mama Salma.

"Leo jiwe ni wewe," akasema. "Na mawe hayazungumzi."

Nilikaa pale asubuhi nzima, na sketi yangu ya shule, nikisogezwa kidogo kidogo. Kinamama walinichezea walivyotaka. "Jiwe, hujambo?" "Jiwe hili lina viatu." Nilitamani ardhi inimeze. Mama Salma alipofika aliweka ndoo yake mbele yangu, akaniangalia bila hasira, akasema, "Ahsante, jiwe." Hilo ndilo lililoniliza.

Njiani Bibi akaniambia maneno ambayo nayarudia kwako kama nilivyoyasikia. "Ukiliona jiwe kwenye foleni usiseme hapana mtu. Sema, bado sijamwona." Wanasema akili nyingi huondoa maarifa. Mimi yangu yaliondoka yote siku ile, nikaanza kuyaokota moja moja.

Sasa ngoja nikupeleke Masasi, maana ndiko kisa kinakokwenda.

Nilipoingia kidato cha tatu nilichagua kemia. Tulikuwa wasichana kumi na mmoja tu. Maabara yetu ilikuwa na meza ndefu ya saruji, kabati lisilofunga na chupa nyingi zisizo na kitu. Mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Kokusima, mwanamke mrefu kutoka Kagera, aliyekuja kwetu kwa barua ya uhamisho na akakaa kwa mapenzi. Jedwali la elementi la kutundika ukutani hatukuwa nalo. Akatuambia tukusanye viroba vitupu vya salfa, ile dawa ya unga wanayopulizia mikorosho. Tukavifua, tukavichana, tukavishona pamoja, na kwa sababu mwandiko wangu ulisifiwa nikapewa brashi na rangi nyeusi.

"Mtachora mawili," akasema Mwalimu. "Moja la leo. Na la pili lile la kwanza la yule Mrusi aliyelibuni, kama lilivyokuwa siku zake."

Tukashangaa kwa nini tuchore kitu cha zamani kilichopungua. Ndipo akatupa hadithi yake, na mwanangu, nimesoma mengi baadaye lakini sijasikia aliyeisimulia vizuri kama yeye, akiwa amekaa juu ya ile meza ya saruji.

Alisema zamani wataalamu wa Ulaya walikuwa na elementi nyingi mkononi, na kila mara inagunduliwa nyingine, lakini zimelundikana tu, hakuna anayejua ipi ndugu ya ipi. Mjerumani mmoja akaona kwamba baadhi hutembea tatu tatu zikifanana tabia, kama lithiamu, sodiamu na potasiamu, na ile ya kati uzito wake huwa katikati ya wenzake. Watu wakasema ni jambo zuri, wakaliacha hapo. Akaja Mwingereza, akazipanga kwa uzito, akaona kila ya nane inarudia tabia ya ile ya kwanza, kama sauti za muziki zinavyojirudia. Akasimama mbele ya wakubwa wa fani yake, mmoja akamuuliza kwa kejeli kama amewahi kujaribu kuzipanga kwa herufi za alfabeti. Wakacheka. Mwalimu alipofika hapo alituangalia mmoja mmoja, akasema, "Kumbukeni kwamba alichekwa, na kumbukeni kwamba alikuwa karibu na ukweli kuliko waliomcheka."

Kisha Mrusi. Naye alizipanga kwa uzito na tabia, lakini alipofika mahali ambapo elementi iliyofuata haikufanana na zile za safu yake, hakuilazimisha. Aliisogeza mbele kwa ndugu zake, akaacha nafasi tupu. Tena hakuishia kuacha. Alisema hapa kuna kitu ambacho hakuna aliyekiona, uzito wake utakuwa kiasi hiki, tabia yake hivi na hivi. Watu wakamwona ana kiburi. Miaka michache ikapita, Mfaransa akagundua madini laini yanayoyeyuka kiganjani, galiamu, na yakaingia kwenye nafasi mojawapo. Ila kipimo kimoja hakikulingana. Yule Mrusi, ambaye hajawahi kuyatia machoni madini yale, akamwandikia aliyeyashika mkononi kwamba amekosea, apime tena. Mfaransa akasafisha madini yake, akapima tena, na Mrusi akawa sahihi.

Mimi nilikuwa nimeshika brashi, lakini nilikuwa naliona lile jiwe jekundu. Nikanyosha mkono nikasema, "Mwalimu, huyo aliweka mawe kwenye foleni." Wenzangu wa Newala wakacheka kwa furaha, wa kwingine hawakuelewa, na Salma, ambaye alikuwa kidato cha pili lakini alikuwa na tabia ya kusimama dirishani kwetu kusikiliza, akacheka kuliko wote. Mwalimu aliniomba nimweleze. Nilimweleza mpaka sehemu ya aibu yangu. Akasema amefundisha somo lile miaka mingi na hajapata mfano uliomtosha kama huo.

Nisikudanganye, mwanangu, yule mtu hakujua yote. Ipo safu nzima ya gesi zisizojichanganya na wenzake ambayo hakuiwekea hata kijiwe. Na uzito aliouamini sana haukuwa ndio mpangaji wa kweli. Baadaye sana kijana mmoja Mwingereza alionyesha kwamba kila elementi ina namba yake ya ndani, na hiyo ndiyo inayopanga foleni. Kijana huyo alikufa vitani kabla hajazeeka. Nakuambia haya ili usije ukamfanya mtu yeyote kuwa mtume, hata anayekufundisha.

Haukupita mwezi, Mkuu wetu wa shule, Mama Edina, akatangaza kwamba anakuja afisa wa elimu kukagua masomo ya sayansi. Minong'ono ilishatangulia. Nyakati zimebadilika, serikali haiwezi tena kubeba kila kitu, na somo lisilo na watu litafungwa. Wasichana watasoma upishi na ushonaji. Waliokwisha kuanza kemia wataachwa wamalize, lakini baada yetu mlango unafungwa. Maana yake mlango unafungwa usoni mwa Salma.

Unaelewa kilichoniuma? Nilishamnyima mama yake nafasi mara moja. Sasa ilikuwa zamu ya binti.

Asubuhi ya ukaguzi Mama Edina aliingia maabara, akayatazama majedwali yetu ya viroba, akaridhika na la leo. La Mrusi likamchefua. "Hadija, hizi nafasi tupu zinatia aibu. Mgeni ataona hatujui. Chukua brashi ujaze." Alikuwa mwanamke mwema aliyekuwa na woga, na woga humfanya mwema aseme maneno ya ovyo. Nilisema, "Samahani, Mama Mkuu, siwezi. Hizo hazikusahauliwa." Alinitazama kama aliyemwagiwa maji. Kabla hajanijibu gari likapiga honi nje.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni yule hakuja na uponyaji. Tulimwamkia, akaitika marahaba bila kusimama. Akapita kwenye kabati, akapita kwenye chupa, akafika kwenye jedwali la Mrusi, akagonga nafasi tupu kwa kalamu.

"Hapa mliishiwa rangi?"

Mwalimu Kokusima akafungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Nikamweleza kwamba huko kwetu juu mtu asiyekuwepo anaacha jiwe, na jiwe linaheshimiwa mpaka mwenyewe afike, na kwamba yule Mrusi alifanya hivyohivyo, na waliokuja wakakuta nafasi zao.

Afisa akatabasamu, akasema, "Binti, jiwe haliteki maji."

Maneno yangu mwenyewe, mwanangu. Yametoka Newala kwenye foleni ya bomba, yakazunguka mwaka mzima, yakaja kunisubiri pale. Nikamwambia, "Niliwahi kusema hivyo, bwana, nikakalishwa juani mpaka nikaelewa."

Tabasamu likaisha. Akafungua faili lake, akasoma kwa sauti kwamba kidato cha tatu kina wasichana kumi na mmoja wa kemia, na kwamba idadi hiyo inaonyesha wasichana wa huku hawalitaki somo. Pale nikakumbuka jinsi Bibi Asumini alivyokuwa akisimama mbele ya wanunuzi wa korosho, mkono kiunoni, mizani ikisema uwongo. Sikuwa na mkono kiunoni, lakini nilisema maneno yake yaleyale.

"Pima tena."

"Unasemaje?"

"Umehesabu waliokaa, bwana. Hukuhesabu wanaokuja. Pima tena."

Wanasema mwenye nguvu mpishe. Mimi nasema mpishe njiani akiwa na haraka zake, ila kwenye foleni ya maji usimpishe. Na bado nasema hivyo, na wa kukasirika akasirike. Afisa aliondoka bila kunywa chai. Mimi nikapewa adhabu ya kung'oa visiki wiki mbili kwa utovu wa nidhamu, na barua ikaja kwamba kemia itafungwa mwisho wa mwaka.

Nilikuwa na malengelenge mikononi Salma aliponijia kule kwenye visiki. Alikuwa na jiwe la kijivu, la kung'aa kidogo kama mawe yote ya Masasi, amelikwaruza alama yake ya msalaba mdogo. "Dada Hadija," akasema, "nimeamua kupanga foleni." Akaenda, akaliweka kwenye ukingo wa meza ya saruji maabara.

Mlinzi alilifagia jioni. Asubuhi Salma akalirudisha, na pembeni yake likawepo la mwenzake. Yakafagiwa. Kesho yake yakawa matano. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyegoma, hakuna aliyekosa kipindi. Kila msichana wa kidato cha pili aliyeitaka kemia aliokota jiwe chini ya vilima vya Masasi, akaweka alama yake, akalipanga. Yalifagiwa karibu kila siku ya muhula ule, na karibu kila siku yalirudi kwa mpangilio uleule, maana kila mmoja alimjua aliye mbele yake na aliye nyuma. Mlinzi mwenyewe alichoka. Mwisho akawa anafagia kwa kuyazunguka.

Siku moja tukamkuta Mama Edina amesimama peke yake mbele ya meza, akihesabu kwa kidole. Yalikuwa mawe ishirini na saba. Akaniita.

"Hili ni la nani?"

"La Salma, Mama Mkuu."

"Na hili?"

Nikamtajia. Akayataja yote pamoja nami, akaandika majina, akakaa chini akaandika barua kwa mkono wake. Nilipewa kazi ya kuinakili vizuri, ndiyo maana naijua. Mstari wa kwanza ulisema: Tumepima tena. Barua ile iliyotoka kwa mwanamke mwoga ndiyo iliyokuwa ya kijasiri kuliko zote nilizowahi kuziona, na jibu lilipokuja lilikuwa kavu, fupi, kwamba somo liendelee kwa majaribio. Majaribio hayo hayajaisha hadi leo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini mzee anayekata hadithi mahali patamu anakudanganya.

Likizo ya mwisho wa mwaka ule Mama Salma alifariki akijifungua. Salma alikuwa mkubwa wa watoto watano. Shule ilipofunguliwa mawe ishirini na sita yaliondolewa mezani na wenyewe, kila mmoja akiingia kidato cha tatu, wakicheka. Moja likabaki. Nilikwenda Newala kumwomba baba yake amrudishe shuleni, nikaongea, nikalia, na yule mzee akanionyesha tu kitoto kilicholala kwenye mkeka. Salma alinisindikiza mpaka njia panda, akasema, "Usiwaache walitupe." Nikamwahidi.

Mwalimu Kokusima alilihifadhi mpaka alipohamishwa, akaniachia mimi. Nami nilisoma, nikawa mwalimu, nikaomba nipangiwe shule ileile. Nikaliweka jiwe la Salma mahali pake, ukingoni mwa meza ya saruji. Wakuu wa shule walikuja na kuondoka, na wengine waliniambia nitoe uchafu ule maabara. Niliwajibu kwa heshima kwamba hapo pana mtu. Wengine waliniona nimerukwa na akili. Nilikuwa nawafundisha wanafunzi kwamba nafasi moja ya yule Mrusi ilikaa tupu mpaka yeye mwenyewe akazikwa, miaka mingi, na ilipojazwa ilijazwa na kitu chenye tabia za ukoo uleule. Nikisema hivyo nilikuwa nalitazama lile jiwe, na mara nyingine, nakiri, nilikuwa naona labda mimi ndiye mjinga.

Kisha mwaka mmoja, siku ya kupokea kidato cha kwanza, msichana mwembamba akaingia maabara kabla ya wenzake. Akasema shikamoo, nikaitikia marahaba. Akasimama kwa haya, akiangalia chini.

"Mwalimu, mama amesema nikuulize kama jiwe lake bado lipo."

Nilinyosha mkono kuelekea mezani. Akaenda, akaligeuza, akaona ule msalaba mdogo, akalishika kwa mikono yote miwili.

Mwanangu, nimeyasema haya yote kwa sababu nasikia wanawaambieni maneno. Wanasema huko kwenu hajawahi kutokea mtu wa namna hiyo, kwa hiyo hatatokea. Wanafungua faili, wanahesabu waliokaa, wanafunga faili. Usikubali hesabu hiyo. Waambie wapime tena, useme kwa adabu, shikamoo kwanza, lakini useme. Ukiambiwa ujaze pengo ili mgeni afurahi, usijaze kwa uwongo; pengo la kweli lina heshima kuliko jawabu la kubandika. Ukichekwa, uchunguze kwanza kama umekosea, na kama hukukosea, endelea kupanga. Na wewe mwenyewe siku utakapotangulia kwenye bomba, ukaona jiwe la mwenzako, lisogeze mbele pamoja na ndoo yako. Hilo naliweka mwisho kwa sababu ndilo nililolivunja mimi, na ndilo gumu.

Mungu akujalie wa kulinda jiwe lako siku utakapozuiwa njiani. Akupe mgongo mgumu mbele ya wenye faili, na macho ya kumwona ambaye bado hajafika. Nafasi yako ikungoje, uikute, na wa baada yako nao wakute ya kwao. Amina.